Dawa ya malaria kali kwa watoto: kwa nini matibabu yamepangwa hivi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wazazi waliowahi kukesha kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, na wanafunzi wa uuguzi na udaktari waliochoka kukariri mwongozo bila kuambiwa sababu zake. Majibu ni ya wote wawili. Dozi zilizotajwa humu ni za kukuelewesha, si za kujitibia. Kama una mtoto ambaye sasa hivi ana degedege, hanyonyi au hazinduki, acha kusoma, mpeleke kituoni.

Malaria ikiitwa "kali", ukali wake uko wapi?

Homa peke yake haitoshi, hata ikipanda kiasi gani. Mtoto anaweza kuwa na joto la 40 na bado akawa na malaria ya kawaida inayotibika kwa vidonge. Inageuka kuwa kali pale kiungo fulani cha mwili kinaposhindwa kazi: mtoto anapoteza fahamu, anapata degedege la kurudiarudia, analegea kiasi kwamba hawezi kukaa ilhali jana alikuwa akikaa, anapumua kwa kasi na kwa kina kwa sababu damu imejaa tindikali, sukari inashuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita, au himoglobini inashuka chini ya gramu 5 kwa desilita. Dalili moja kati ya hizo ikiwa pamoja na vimelea katika damu inatosha. Kwa watoto, zinazoua zaidi ni kupoteza fahamu, tindikali katika damu na upungufu mkubwa wa damu, na mara nyingi huja kwa pamoja.

Maabara walisema vimelea ni vichache, mbona mtoto yuko mahututi?

Hili ndilo swali ambalo ukilielewa, matibabu yote yanaanza kueleweka.

Kimelea cha *Plasmodium falciparum* huishi ndani ya seli nyekundu ya damu kwa muda wa saa 48 hivi kabla ya kuipasua. Katika nusu ya kwanza ya muda huo bado ni kichanga, kina umbo la pete, na seli kilimojificha inazunguka na damu kama kawaida. Ndicho anachokiona mtaalamu wa maabara kwenye hadubini. Kikishakomaa, huitia seli vinundu juu ya ngozi yake, na vinundu hivyo hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, utumbo na viungo vingine. Seli haizunguki tena. Imeziba njia, na haimo kwenye tone la damu lililotolewa kidoleni.

Kwa hiyo idadi inayosomwa kwenye karatasi ya majibu ni ya vichanga tu. Jeshi lenyewe limejichimbia ndani, na ndilo linalonyima ubongo hewa na chakula.

Kwa nini artesuneti ya sindano imechukua nafasi ya kwinini?

Kwinini ina heshima yake. Ilitengwa kutoka kwenye gome la mti wa sinkona mwaka 1820, na kwa vizazi vingi ndiyo iliyowaokoa watu waliougua malaria. Kasoro yake iko kwenye wakati: hukiua kimelea kilichokwisha kukomaa, yaani kilichokwisha kunata. Vichanga vilivyo kwenye pete huachwa viendelee kukua, na baada ya saa kadhaa navyo vinakwenda kuziba mishipa. Juu ya hapo, kwinini huchochea kongosho kumwaga insulini, na mtoto ambaye sukari yake tayari iko chini anashushwa zaidi. Kuitundika nako kuna kazi: dozi ya kwanza hupitishwa polepole kwa saa nne, kisha nyingine kila baada ya saa nane, na ikienda mbio moyo unaweza kuyumba.

Artesuneti inaua vimelea vya rika zote, vikiwamo vya pete. Seli inayozunguka inasafishwa kabla haijafika pa kunata. Hiyo ndiyo hoja ya kibiolojia, nayo ni nzuri. Lakini hoja nzuri haitoshi, na historia ya ugonjwa huu imejaa hoja nzuri zilizoua watoto. Tutafika huko.

Ushahidi ulikuja kwa awamu mbili. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya jaribio la SEAQUAMAT lililofanyika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 22, waliopewa artesuneti asilimia 15. Hata hivyo madaktari wa Afrika waliuliza, kwa haki kabisa, kama matokeo ya watu wazima wa Asia yanamhusu mtoto wa Kiafrika wa miaka mitatu. Ikabidi lifanyike jaribio la AQUAMAT: watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, matokeo yakatoka mwaka 2010. Vifo vilikuwa asilimia 10.9 kwa kwinini na asilimia 8.5 kwa artesuneti. Degedege na kushuka kwa sukari vilipungua pia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza artesuneti iwe chaguo la kwanza kwa watoto.

Kwani ilikuwa lazima kuwafanyia majaribio watoto elfu tano wote hao?

Ndiyo, na hesabu yake si ngumu. Chukua tofauti ileile ya AQUAMAT uiweke kwenye jaribio dogo la watoto 200. Kwenye kundi la kwinini wanakufa 11, kwenye kundi la artesuneti wanakufa 8 au 9. Nani atathubutu kubadili dawa ya bara zima kwa tofauti ya watoto wawili au watatu? Inaweza kuwa bahati tu. Kwenye jaribio la kweli tofauti ilikuwa vifo 230 dhidi ya 297. Hapo bahati inaondoka kwenye maelezo.

Wengine huuliza kwa nini wasipime tu kasi ya vimelea kuisha, kitu kinachoonekana ndani ya siku mbili na kinachohitaji wagonjwa wachache. Njia hiyo ilijaribiwa na ikadanganya. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya watoto 576 wa Gambia wenye malaria ya ubongo waliopewa aidha kwinini au artemeta, dawa ya ukoo mmoja na artesuneti. Artemeta ilisafisha vimelea haraka zaidi. Vifo vikawa karibu sawasawa: asilimia 20.5 na 21.5. Sababu moja inayotajwa ni kwamba artemeta imeyeyushwa kwenye mafuta, na mafuta hayo yakidungwa kwenye msuli wa mtoto aliyepoa mikono na miguu, hunyonywa kwa kusuasua na bila kutabirika. Artesuneti huyeyuka kwenye maji, inaingia kwenye mshipa moja kwa moja, au inanyonywa upesi kutoka kwenye msuli. Ukoo ni mmoja, kimiminiko ni tofauti, na hatima ya mtoto pia. Anayebuni dawa ya mgonjwa mahututi aanze kujiuliza itafikaje kwenye damu, kabla hajajisifu kwamba inaua.

Mbona mtoto mdogo anapewa dozi kubwa kuliko mkubwa?

Kwa kila kilo, ndiyo. Mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito; aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3. Mwanzoni wote walipewa 2.4. Baadaye watafiti walipopima dawa kwenye damu waligundua kwamba watoto wadogo, wakipewa kiasi kilekile kwa kilo, wanabaki na dawa kidogo zaidi mwilini, kwa sababu miili yao huisambaza na kuiondoa kwa namna tofauti. Na wao ndio wanaokufa zaidi! Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 ukapandisha dozi yao. Ule usemi kwamba mtoto si mtu mzima mdogo hapa una tarakimu zake.

Dawa yenyewe huandaliwaje?

Tuchukue mtoto wa kilo 8. Kilo 8 mara 3 ni miligramu 24.

Kichupa kina unga mweupe, miligramu 60. Muuguzi anavuta mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyokuja pamoja na kichupa, anaiingiza kwenye unga na kukitikisa. Mchanganyiko unatoa mapovu na kuwa na ukungu. Anasubiri hadi ung'ae kama maji. Usipong'aa, hautumiki. Kisha kwa sindano ya mshipa anaongeza mililita 5 za maji ya chumvi, jumla zinakuwa 6, kila mililita ina miligramu 10. Mtoto wetu anapata mililita 2.4, zikisukumwa taratibu. Kama mshipa haupatikani, anaongeza mililita 2 tu badala ya 5, kila mililita inakuwa na miligramu 20, na mtoto anadungwa mililita 1.2 kwenye paja, upande wa mbele.

Kilichobaki kwenye kichupa hakihifadhiwi. Dawa ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, inayobaki inamwagwa, hata kama roho inauma. Makosa ninayoyaogopa zaidi yako hapa: kuchanganya ya msuli ukapiga hesabu ya mshipa (mtoto anapata maradufu), na kukadiria uzito kwa macho wakati mizani iko hatua tatu kutoka kitandani. Kuna pia matoleo mapya yanayochanganywa kwa kimumunyisho kingine, kwa hiyo karatasi iliyo ndani ya boksi isomwe kila boksi likibadilika.

Amezinduka baada ya sindano ya kwanza, anaomba uji. Zilizobaki zina kazi gani?

Zina kazi kubwa. Sindano huanza saa sifuri, ya pili saa 12 baadaye, ya tatu saa 24, halafu moja kila siku mpaka mtoto aweze kumeza. Hata akichangamka upesi, zisipungue saa 24, yaani sindano tatu. Baada ya hapo anapewa dozi kamili ya dawa mseto, yaani vidonge vyenye dawa ya ukoo wa artemisinini na mwenza wake, kwa siku tatu.

Dawa mseto ndiyo inayosahaulika. Artesuneti hugeuka ndani ya mwili kuwa kiini chake chenye nguvu, na kiini hicho huondoka kwa nusu kila baada ya muda usiozidi saa moja au karibu na hapo. Inapiga kwa nguvu na kutoweka. Vimelea vichache vilivyosalia vinahitaji mwenzake anayekaa mwilini kwa siku nyingi, ama sivyo homa inarudi baada ya wiki chache na mama anaambiwa "dawa haifanyi kazi". Meflokwini haitumiki kama mwenza baada ya malaria ya ubongo, kwa kuwa huongeza hatari ya matatizo ya akili na neva.

Kituo chenye sindano kiko mbali sana. Kuna la kufanya njiani?

Kuna artesuneti ya kuweka kwenye njia ya haja kubwa, kwa watoto walio chini ya miaka sita, miligramu 10 kwa kila kilo, mara moja. Mtoa huduma anaingiza kidonge hicho laini kisha anayabana makalio ya mtoto kwa dakika kumi, maana mtoto mwenye homa hukisukuma nje. Kikitoka ndani ya nusu saa, kinawekwa kingine.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2009, lililofanyika Bangladesh, Ghana na Tanzania, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao hawakufika hospitali ndani ya saa sita, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kwa karibu nusu. Habari njema. Ila dawa hiyo ilipopelekwa kwenye huduma za kila siku katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda, faida hiyo haikuonekana. Dawa ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mwendelezo wake. Watoto wengi waliishia hapohapo bila kufika walikopewa rufaa, au walifika na hawakupata matibabu kamili. Mtoto anachangamka, familia inarudi nyumbani, na nauli imeokolewa. WHO ilisimamisha upanuzi wa matumizi yake mwaka 2022, kisha mwaka 2023 ikatoa mwongozo wa masharti ya kuitumia. Kidonge hiki kinanunua saa chache tu. Anayekitoa bila kupanga usafiri amefanya nusu ya kazi.

Mtoto amepoa mikono na miguu. Kwa nini hawamfungulii dripu iende mbio?

Kwa sababu ya jaribio la FEAST, lililowaduwaza hata waliolibuni. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, Kenya, Tanzania na Uganda, zaidi ya nusu yao wakiwa na malaria. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa, wengine walipewa ya taratibu tu. Kila mtu alitarajia waliojazwa maji wapone zaidi, ndivyo vitabu vilivyofundisha. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi ya haraka, asilimia 7.3 ya wasiopewa. Jaribio likasimamishwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2011.

Mzazi akimwona daktari "anambania" mtoto dripu, mara nyingi hii ndiyo sababu. Mtoto anayeharisha na kukauka maji ni habari nyingine.

Vipi dawa ya kuzuia degedege, au ya kupunguza uvimbe wa ubongo?

Degedege linaloendelea linatibiwa, kwa dayazepamu au dawa ya aina hiyo, na kila mara sukari inapimwa kwanza au kwa pamoja, kwa sababu degedege lingine ni njaa ya ubongo tu na linaisha kwa glukosi.

Kuzuia kabla halijaanza ndiko kulikoleta msiba. Huko Kilifi, Kenya, watoto 340 wenye malaria ya ubongo waliingizwa kwenye jaribio la fenobabitoni, dozi moja ya miligramu 20 kwa kilo. Degedege lilipungua kama ilivyotarajiwa. Vifo vikawa 30 kwenye kundi lililopewa dawa, 14 kwenye lisilopewa. Yaani lengo la jaribio lilitimia na watoto walikufa maradufu. Inadhaniwa dawa ilikandamiza upumuaji. Matokeo yalitoka mwaka 2000, na tangu hapo dozi hiyo haipendekezwi.

Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, pia. Deksamethasoni ilijaribiwa na mwaka 1982 ikaripotiwa kwamba inarefusha muda wa kupoteza fahamu. Jambo la kusikitisha ni kwamba uvimbe wa ubongo upo kweli: picha za MRI zilizopigwa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2015, zilionyesha uvimbe mkubwa kwa watoto 21 kati ya 25 waliofariki. Adui anajulikana, silaha yake bado.

Damu je, inaongezwa lini?

Himoglobini ikiwa chini ya gramu 4, aongezewe. Kati ya 4 na 6 inategemea hali: anayehema kwa shida au aliyepoteza fahamu aongezewe, aliyetulia anaweza kuangaliwa kwa ukaribu. Jaribio la TRACT la Uganda na Malawi, lililochapishwa mwaka 2019, halikuona tofauti ya vifo kati ya walioongezewa mara moja na waliosubiriwa katika kundi hilo la waliotulia. Lilionyesha pia jambo ambalo halikutarajiwa kuhusu kiasi: mtoto asiye na homa alinufaika na mililita 30 kwa kilo, mwenye homa alifanya vizuri zaidi na 20.

Kama ni malaria, antibayotiki za nini?

Mjini Blantyre watafiti waliwafanyia uchunguzi wa maiti watoto 31 waliokuwa wamefariki kwa kile madaktari walichokiita malaria ya ubongo. Saba kati yao walikutwa na sababu nyingine ya kifo. Vimelea kwenye damu vilikuwapo, lakini pale malaria inapoenea sana watoto wengi wazima wanatembea navyo. Kwa kuwa bakteria kwenye damu hawaonekani kwa macho na majibu ya maabara huchelewa, mtoto mwenye malaria kali katika maeneo hayo anaanzishiwa antibayotiki pamoja na artesuneti.

Chai ya pakanga haitoshi? Si artemisinini ilitoka humo?

Ilitoka humo. Tu Youyou wa China aliitenga artemisinini kutoka *Artemisia annua* miaka ya mwanzo ya 1970 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kikombe cha chai kina kiasi kidogo kinachobadilika kila mara, na mtoto aliyepoteza fahamu akinyweshwa kitu inakwenda mapafuni. WHO haiungi mkono mmea huo kutumika kama dawa ya malaria.

Alipona, wiki mbili baadaye amepauka na mkojo umekuwa mweusi. Tena malaria?

Huenda siyo. Artesuneti ikikiua kimelea cha pete, wengu hukitoa ndani ya seli na kuirudisha seli kwenye damu ikiwa hai lakini imedhoofika. Seli hizo zinaweza kupasuka kwa pamoja baada ya siku 7 au zaidi. Himoglobini inapaswa kupimwa tena siku ya 7, ya 14 na ya 28. Usikitegemee kipimo cha haraka hapo, kwa sababu vile vinavyosoma protini ya HRP2 hubaki na mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, itumike hadubini.

Kwa aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu, hatari haiishii mlangoni pa wodi. Tangu 2022 WHO inapendekeza watoto hao, katika maeneo yenye malaria nyingi, wapewe dozi kamili za dawa ya kinga kwa vipindi baada ya kuruhusiwa.

Artesuneti nayo itakuja kushindwa kama klorokwini?

Dalili zimeanza. Nchini Rwanda, Uganda, Eritrea na Ethiopia vimepatikana vimelea vyenye mabadiliko kwenye jeni ya kelch13, ambavyo huchelewa kuisha damuni vikipigwa na dawa za ukoo wa artemisinini. Huitwa usugu wa kiasi: vinakufa, lakini polepole, na vinavyopona ni vilevile vya pete, hatua ambayo ndiyo iliyoipa artesuneti ushindi wake dhidi ya kwinini. Kwa sasa dawa ya kwanza ni ileile. Kwinini bado imo kwenye mwongozo kwa mahali artesuneti inapokosekana, na muuguzi kijana ambaye hajawahi kuitundika angefaa ajifunze sasa, mikono ya waliozoea kazi hiyo ikiwa bado ipo wodini.